Usinizibie Mdomo

Ukitaka kumtukana mtu aliyefanya kazi idara ya kufuma, usihangaike kumtaja mama yake. Hatasikia. Weka kiganja mbele ya mdomo wako, kisha sema lolote, hata salamu. Hapo utakuwa umemtukana yeye na ukoo wake wote. Nilimwona fundi wetu akimtoa mtu nje ya zamu kwa kosa hilo tu, na yule mtu aliapa kwa Mungu kwamba alikuwa anapiga mwayo.

Jina lake sitalitaja. Kwanza halikutumika, sisi tulimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, na mkewe naye alimwita Fundi mpaka siku zake za mwisho. Pili, sina uso wa kulitaja. Alizaliwa wapi, na nani, sijui vizuri. Alikuwa mtu wa kuja, kama nusu ya mtaa wetu wa Mwembesongo, Morogoro, ilivyokuwa ya watu wa kuja walioletwa na viwanda. Nilipoajiriwa kiwanda cha nguo nilimkuta tayari ni fundi wa mashine, na tayari ni kiziwi.

Watu wa nje walidhani uziwi ule ulikuwa mkosi wake peke yake. Haukuwa. Mashine za kufuma zikipiga zote kwa pamoja chini ya bati moja, sikio halidumu. Tuliingia wazima, na baada ya miaka michache tukawa tunapiga kelele kwenye misiba ya watu tukidhani tunanong'ona. Pamba ya kuziba masikio tulikuwa nayo tele na ya bure, lakini aliyejiziba alichekwa kwamba ana masikio ya bibi harusi. Ujana ni ujinga wenye nguvu. Mimi sikio moja limesalimika kwa sababu nilihamishiwa mapema stoo ya nyuzi. Fundi alibaki mle ndani miaka ishirini na ushee.

Mle ndani tuliongea kwa midomo. Mtu angekaa mwisho kabisa wa ukumbi akakueleza habari za mtoto wake anayeumwa surua, nawe ungemwelewa neno kwa neno, bila yeye kutoa sauti na bila wewe kusikia kitu. Midomo tuliifungua sana, kwa adabu, ili mwenzako asipate taabu. Ndiyo maana kuziba mdomo kulikuwa tusi. Ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni wakati ameshavua viatu.

Fundi ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Aliweza kusoma mdomo kwenye kioo cha dirisha, na aliweza kumsoma mtu aliyekaa upande, anayeonyesha shavu moja. Jioni alikaa barazani kwake na kikombe cha chai ya rangi, akatazama barabara yote, na alijua nani anamkopa nani na nani anamdanganya mkewe kwamba ametoka kanisani. Televisheni zilipoanza kuonekana kwenye baa, watu walimnunulia soda ili awaambie kocha anamtukana nani. Alikuwa akiwaambia, ila matusi yenyewe aliyaruka. "Hapo amesema neno baya," alikuwa akisema, basi, akanywa soda yake.

Alikuwa mkali kwa uongo. Hili nalisisitiza kwa sababu ya yatakayofuata. Fundi msaidizi akisema mashine imetiwa mafuta na haikutiwa, Fundi aliweka kiganja chake juu ya chuma, akafumba macho, akasema, "Hii ina kiu. Wewe ni mwongo." Mashine hakuzisikia, alizigusa. Kosa la kwanza alimsamehe mwongo, la pili hakumsalimia mwezi mzima. Nilikuwa namwogopa, na nilikuwa nampenda, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Mkewe alikuwa Mluguru wa juu ya milima, kijiji cha wakulima wa kabichi ukipandia Mlali. Mwanamke mfupi, mcheshi, mpiga zumari wa mdomo: hakuwa na zumari, alipiga miluzi tu, na Fundi hakuwahi kuisikia. Mimi nilimwita Mama, kwa kuwa nilikula kwake tangu sijaoa. Watoto hawakujaliwa. Alikuwa na redio, na kila jioni waliketi pamoja kusikiliza. Ndiyo, pamoja. Yeye alisikiliza redio, Fundi alimsikiliza yeye usoni. Mama akicheka, naye alicheka. Yakija matangazo ya vifo Mama akashika tama, naye alishika tama, halafu Mama alimgeukia na kumweleza kwa mdomo nani amefariki na mazishi ni wapi. Betri za redio hiyo Fundi alizinunua mwenyewe kila zilipokwisha, yeye asiyesikia, na ole wako umuulize kwa nini.

Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa: mitumba kwa marobota, maduka yenye vioo, vitambaa vya nje vinavyouzwa kwa bei ya uzi wetu mtupu. Nguo zetu zikajaa ghalani. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, kisha tukaitwa uwanjani kusomewa majina ya wanaopunguzwa. Msomaji alisimama na karatasi mbele ya uso wake. Fundi hakuweza kusoma chochote, ikabidi mimi nimgeukie na kumwambia kwa mdomo kwamba jina lake limo. La kwangu pia lilikuwemo. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

Kabla mwaka haujaisha Mama akapigwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda upande. Akili ilibaki nzima kabisa. Sauti ilibaki, nzito kidogo, ya kuvutavuta, lakini ukikaa karibu na ukiwa na subira unamwelewa vizuri. Madaktari walisema tushukuru. Sisi wenye masikio tukashukuru.

Fundi hakuwa na la kushukuru. Mdomo ule alikuwa ameusoma miaka yote ya ndoa, na sasa maneno yalikuwa yametoka humo. Alipiga magoti mbele ya kitanda, akaushika uso wa mkewe kwa mikono miwili, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama. Mama alisema kitu. Fundi akasogea zaidi. Mama akarudia. Nilikuwepo. Nilimwona yule bingwa wa ukumbi mzima akitikisa kichwa na kusema, kwa sauti yake ile kubwa isiyojua kipimo, "Sioni. Mke wangu, sioni unachosema."

Ndipo akaanza habari za mashine ya sikio. Kabla ya hapo ukimtajia alikuwa anakucheka. Sasa aliulizia kila mahali. Hospitali ya serikali walimwambia ajiandikishe na kusubiri, na waliojiandikisha kabla yake walikuwa bado wanasubiri. Lakini ilikuwa ni wakati wa ruksa, na Dar es Salaam palifunguliwa kliniki ya mtu binafsi ya masikio, ya kulipia taslimu. Fundi alichukua kiinua mgongo chake, akaongezea bei ya baiskeli yake, akanichukua mimi kumsindikiza. "Nataka nimsikie tu," aliniambia. "Sikio hilo halitakuwa na kazi nyingine."

Mashine zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha kuvaa kifuani, chenye waya mnene unaopanda hadi sikioni. Ina nguvu, na ina bei ya wastani. Ya pili ilikuwa ndogo, rangi ya nyama, ya kuning'iniza nyuma ya sikio, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu. Dada mpimaji, mwenye koti jeupe na heshima nyingi, alitueleza vizuri: kisanduku ni cha wale ambao masikio yamekwisha kabisa, hii ndogo ni ya wale ambao yamepungua. Lazima apime kwanza ndipo ajue.

Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgao, na mashine yake ya kupimia ilikuwa imezimika. Akasema si neno, atapima kwa maneno. Yeye atasema, mzee atarudia. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Fundi, akachukua kadi nyeupe na kuiweka mbele ya mdomo wake.

Fundi akabadilika uso. Alinyoosha mkono, akaishusha ile kadi, polepole lakini kwa nguvu, akasema, "Binti, usinizibie mdomo. Mimi si wa kuzibiwa mdomo."

"Samahani, baba," yule dada akasema. "Sikukusudia. Ni taratibu tu za kupima."

"Taratibu za kwenu. Sema nami kama mtu."

Na yule dada, aliyelelewa kumheshimu mkubwa, aliiweka kadi mezani. Akaanza kusema maneno huku anamtazama usoni, kwa midomo mizuri iliyofunguka. Meza. Fundi akasema meza. Mkate. Mkate. Kisu, bahari, shule, kuku. Fundi alirudia yote bila kukosa, hata yale ambayo dada aliyanong'ona, akaketi wima kama yuko kwenye usaili wa kazi. Dada alishangaa. Akasogeza kiti nyuma hadi ukutani akaendelea. Fundi hakukosa hata moja.

Mimi nilikaa kwenye benchi la pembeni nikiona kila kitu. Nilijua. Mtu wa idara ya kufuma angekosaje kujua? Na nitasema ukweli wangu: nilifurahi. Tulikuwa tumesomewa majina uwanjani mithili ya mizigo isiyotakiwa, na sasa mmoja wetu alikuwa akimshinda msomi wa Dar es Salaam kwa ufundi wa kwetu. Nilimkonyeza. Naye, Mungu anisamehe, alinikonyeza pia.

"Baba, masikio yako si mabaya hivyo," dada akasema. "Kisanduku kitakuumiza bure. Hii ndogo itakutosha."

Nilifungua mdomo kusema kitu. Nikamwona Fundi anavyoitazama ile mashine ndogo mkononi mwake, nikaufunga. Alilipa pesa yote, akapewa na betri mbili ndogo kama punje za choroko. Betri nyingine, tukaambiwa, zinapatikana hapohapo tu. Tulirudi Morogoro na basi la jioni, na njia nzima alikuwa akigusa nyuma ya sikio lake kuhakikisha kuwa haijadondoka.

Majirani walikuja kumjaribu. "Fundi, unanisikia?" wakimtazama usoni, midomo wazi. "Nakusikia," alijibu. "Hata kuku wa jirani namsikia." Watu walipiga makofi. Mmoja alisema hela si kitu, uzima ndio kila kitu. Kisha aliingia chumbani kwa mkewe, akaketi, akasubiri. Mama alimwambia kitu kwa kile kinywa chake cha upande. Fundi akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mke wangu." Akatabasamu. Sote tuliokuwa mlangoni tulifurahi, na mimi nilijilazimisha kuamini. Nilijiambia labda mashine ina nguvu kuliko nilivyodhani. Ukitaka sana kitu kiwe kweli, sababu hazikosekani.

Kwa hiyo yule aliyewanunia waongo mwezi mzima alianza kuishi kwa uongo wa neno moja. Ndiyo. Asubuhi ndiyo, mchana ndiyo. Kwa mkono wa kushoto Mama aliweza kuomba maji, uji na choo, na hayo Fundi aliyaona na kuyafanya kwa upendo ambao sijauona kwa mwanamume mwingine. Alimwogesha, alimgeuza, alimchana nywele. Lakini yako mambo ambayo mkono mmoja hauwezi kuyasema. Mama alikuwa akinyoosha kidole dirishani, kuelekea milima, na kusema maneno yake. Fundi alitazama kidole, akatazama milima ya Uluguru yenye ukungu wake, akaitikia. Kesho yake alimbeba mgongoni hadi barazani ili aione vizuri. Kila jioni akambeba. Mama alinyoosha kidole tena, na safari hii alilia. Fundi akaona kwamba hapo ni mbali mno na milima. Akahama Mwembesongo, nyumba aliyoishi miaka yote, akapanga vyumba viwili Bigwa, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo mtu ukiinua macho huoni kitu kingine.

"Anapenda milima yake," aliniambia kwa fahari. "Aliniambia mwenyewe."

Nilikwenda kuwatembelea huko siku moja, nimebeba mkungu wa ndizi. Fundi alikuwa ameenda kuchota maji. Nikamsalimia Mama, "Shikamoo, Mama," akaitika marahaba kwa shida, akaniita kwa mkono nikae kitandani. Alichosema nilikisikia chote. Sikio langu moja lilitosha, hata yale ya Kiluguru aliyoyachanganya humo.

"Hanisikii," alisema. "Ile mashine haina hata betri, mwanangu. Alivyolala nilimvua kwa mkono huu mmoja, nikaangalia. Tupu. Anaitikia tu. Nimemwomba mara ngapi akanizike kwetu, kwa mama yangu. Hata mbele ya kaka yangu nimemwomba, kaitikia, kaka akaondoka amefurahi." Alipumzika. "Kwetu sisi mtu ni wa kwa mama yake. Nisilale huku chini peke yangu. Wewe mwambie. Kwa midomo yenu ile."

"Nitamwambia, Mama."

"Mwambie taratibu. Usimwaibishe."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo niliyoyashika, nikayafanya kisingizio. Fundi aliporudi na ndoo, aliniona, akagusa nyuma ya sikio, akasema kwa furaha, "Nimekusikia tangu njiani!" Ningemwambiaje? Kumwambia neno la mkewe kulikuwa kumwambia na hili: kwamba mkewe anajua, nami najua, na nilijua tangu siku ile ya kadi nyeupe, kabla hajatoa hata senti. Nikasema nitamwambia siku nyingine tukiwa wawili. Tukala ndizi. Siku nyingine ilipofika nilijiambia tena siku nyingine. Kisha nikapata kibarua cha stoo kwenye mashamba ya miwa Kilombero, nikafunga mizigo upesi kuliko ilivyohitajika.

Mama alikufa wakati wa masika, mimi nikiwa huko. Habari zilinifikia zimeshapoa. Barabara ya milimani ilikuwa imekatika kwa matope, na ndugu zake walipata habari akiwa tayari amezikwa. Fundi alimzika Bigwa. Nasikia alilumbana na wachimba kaburi juu ya mahali. Alitaka sehemu ya juu, isiyo na mti mbele, ili milima ionekane.

Kaka wa Mama alishuka siku ya nne, matope hadi magotini. Walionisimulia wanasema hakuketi. Alisimama mbele ya watu wote matangani, akamnyooshea Fundi kidole. "Dada yangu alikuomba mbele yangu. Ukasema ndiyo. Mara mbili ulisema ndiyo. Kumbe ulikuwa unamcheka?" Fundi alimtazama mdomo mpaka akamaliza. Angeweza kusema sentensi moja tu, kwamba sikusikia, na kila mtu angemwonea huruma. Hakuisema. Labda aliona heri aitwe mvunja ahadi kuliko mume aliyekuwa akiitikia upepo. Kaka mtu akapanda milimani, na kutoka siku hiyo hakuna mtu wa kule aliyemletea hata kabichi moja. Hapa chini nako watu walianza kumpita bila salamu.

Nilirudi msimu wa miwa ulipokwisha. Nilizunguka mjini siku mbili nikitafuta shughuli ya kunichelewesha kwenda kwake, siku ya tatu nikaikosa. Nilimkuta barazani kwake Bigwa, amekaa upande wake wa kiti kirefu, upande wa pili ametandika kanga. Redio ilikuwa pembeni, imezimwa. Mashine ya sikio alikuwa bado ameivaa. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa, si kwenye kanga. Alikuwa amekonda.

Kisha akanigeukia na kuongea kama tulivyoongea kiwandani, kwa midomo tu, bila sauti. Alikuwa hajaongea nami hivyo tangu tupunguzwe.

"Shemeji anasema mke wangu aliniomba akalale kwao."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia habari hiyo.

"Mimi nilidhani anapenda kuitazama." Alielekeza kidevu mlimani. Midomo yake ilikuwa inafunguka vizuri, kwa adabu ileile. "Sikuwa nasikia kitu. Unajua."

"Najua."

"Wewe una sikio. Ulikaa naye siku ile nilipokwenda kuchota maji. Kuna kitu alikwambia?"

Macho yake yalishuka mdomoni mwangu, yakasubiri. Nilitaka kusema hapana. Lakini yule mtu aliwahi kuijua mashine yenye kiu kwa kuigusa, na sikuwa na mdomo wa kumdanganya. Wala sikuwa na mdomo wa kumwambia kweli. Nikauona mkono wangu ukipanda. Niliuona kama mkono wa mtu mwingine, mpaka kiganja kikafunika mdomo wangu wote.

Nyuma ya kiganja nikamwambia. Nilisema kwa sauti, yote: kwamba aliniomba nimwambie, kwamba nilikubali, kwamba sikumwambia, kwamba nilijua tangu kliniki na nikamkonyeza. Nilisema na milima ilisikia na jirani aliyekuwa anachambua mchele alisikia, akainua kichwa.

Nilingoja aushushe mkono wangu, kama alivyoishusha kadi ya yule dada. Hakuushusha. Alikitazama kiganja changu mpaka nikamaliza. Kisha akatabasamu kidogo, akagusa nyuma ya sikio lake, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo."